American Ninja, Bloodsport au Missing in Action: uanze na ipi?

Vijana waliozaliwa baada ya deki, mashine ya kuchezea kanda za video, kutupwa stoo huuliza: kati ya zile picha za mapigano za miaka ya themanini ambazo akina mjomba hawachoki kuzisimulia, ipi bado inatazamika leo? Nyingi zilitengenezwa kwa fedha kidogo na kwa haraka, na nyingine hazikustahili hata kanda zilizorekodiwa. Lakini zipo ambazo hadi leo zinamshinda mtu kuzima katikati. Hapa nalinganisha tatu za kampuni moja, Cannon: Missing in Action ya 1984, American Ninja ya 1985 na Bloodsport ya 1988. Nitaongeza na ya nne ambayo si ya Cannon, kwa sababu anayezijua tatu hizi bila hiyo hajaona ukomo wa mambo.

Niseme mapema kipimo changu. Picha isiyo na fedha haiwezi kujenga mji na kuulipua. Haiwezi kulipia waigizaji wakubwa wala kurudia tukio mara thelathini. Kilichobaki mbele ya kamera ni mtu na mwili wake: nani anarusha teke, nani analipokea, nani anaanguka chini kwa kweli, na je, kamera inatulia ili tuone? Hapo ndipo utamu wa picha hizi ulipo, na hapo ndipo tatu hizi zinapotofautiana sana.

Zilikotoka

Cannon ilinunuliwa mwaka 1979 na binamu wawili kutoka Israeli, Menahem Golan na Yoram Globus. Biashara yao ilianza na bango. Walikwenda kwenye soko la filamu la Cannes wakiwa na jina la picha na mchoro wa steringi, yaani mhusika mkuu, ameshika silaha, wakawauzia wasambazaji wa nchi mbalimbali haki ya kuionyesha kabla hata kamera haijawashwa. Fedha za mauzo hayo ndizo zilizotengeneza picha yenyewe. Mwaka 1986 kampuni ilifikia picha 43 kwa mwaka mmoja. Muda mfupi baadaye madeni yaliizidi nguvu, na mwaka 1989 Golan akaondoka.

Ukijua hilo, mengi ya kwenye picha unayaelewa. Hadithi ilipaswa kuenea kwenye bango moja. Maneno yalipaswa kuwa machache, maana mnunuzi wa Japani na mnunuzi wa Ujerumani wote walipaswa kuielewa. Upigaji picha ulikwenda mahali penye gharama ndogo, hasa Ufilipino. Nadhani sababu hizohizo ndizo zilizozifikisha picha hizi kwetu na kuzifanya zipendwe. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Kwa watu wengi wa Bara, deki ndiyo ilikuwa televisheni, na asiye na deki alikwenda kwenye banda umiza, akakaa kwenye benchi na kutazama picha ambayo hahitaji kujua Kiingereza ili aifuate. Kuna steringi, kuna adui, kuna rafiki wa steringi ambaye unaomba asife. Penye maneno mengi, wasimuliaji waliotafsiri picha kwa sauti yao walijaza: Lufufu jijini Dar es Salaam, DJ Afro kwa Wakenya, na ma-VJ wa Kampala kwa Waganda.

Missing in Action: bunduki nyingi, mwili kidogo

Hii nitaipitia haraka. Chuck Norris ni Kanali Braddock, aliyewahi kuwa mateka wa vita Vietnam na kutoroka, ambaye sasa anarudi kuwatafuta wenzake wanaodaiwa kuachwa huko. Picha ilitoka Novemba 1984, miezi sita kabla ya Rambo ya pili, na ikaingiza fedha nyingi Marekani. Wakati ule familia nyingi za Wamarekani ziliamini kwamba ndugu zao bado wamefungwa msituni, na picha hii ilizungumza na uchungu wao.

Ina tukio moja la kukumbukwa. Askari wamesimama ukingoni mwa mto wanacheka, wakiamini wamemmaliza. Maji yanapanda, Braddock anaibuka taratibu, kwa mwendo wa polepole, rashasha mkononi, na vicheko vinakatika. Hapo banda zima lilikuwa likisimama, nami sishangai.

Lakini angalia tulichopoteza. Norris alikuwa bingwa wa karate wa kweli, mtu aliyepambana na Bruce Lee ndani ya Colosseum katika picha ya 1972, pambano ambalo bado linakumbukwa. Umempata mtu wa namna hiyo, halafu unampa bunduki karibu muda wote! Kufyatua risasi kunaweza kufanywa na yeyote. Tena Wavietnam waliomo humo hawana majina wala sura. Wapo ili waanguke. Mtazamaji wa leo analiona hilo tangu nusu saa ya kwanza, na linachosha.

Kuna ya pili na ya tatu. Ya pili ilipigwa sambamba na ya kwanza na ndiyo iliyokusudiwa kutangulia, lakini wakaona hii nyingine ni bora, wakaitoa mbele. Usijisumbue nazo. Na unapozitazama picha hizi za helikopta na milipuko ukasema gharama yake ilikuwa ndogo, kumbuka kwamba mwaka 1989, wakati wa kupiga Delta Force 2, ya Norris huyuhuyu na Cannon hiyohiyo, helikopta ilianguka Ufilipino na watu watano wakafariki.

American Ninja: siri ya kinyago

Joe Armstrong ni askari wa cheo cha chini katika kambi ya Marekani huko Ufilipino. Hakumbuki alikotoka. Msafara wa magari anaouendesha unavamiwa, kisha wanatokea maninja, na askari huyu mkimya anageuza vifaa vya gari kuwa silaha: bisibisi, spana ya kufungulia magurudumu, chochote kilicho karibu na mkono. Ni mwanzo mzuri kuliko wowote wa Cannon, kwa sababu unatueleza yeye ni nani bila mtu kusema neno.

Michael Dudikoff, aliyemwigiza Joe, hakutoka kwenye sanaa za mapigano. Alikuwa mwanamitindo aliyehamia kwenye uigizaji. Mwongozaji Sam Firstenberg, ambaye alikwisha kufanya picha nyingine za kininja kwa Cannon, na mpangaji wa mapigano Mike Stone, bingwa wa karate, walilazimika kumsitiri. Ukitazama kwa makini utaona kamera inakatwa mapema pale teke linapoanza, na utaona jinsi kinyago cha ninja kinavyookoa bajeti. Aliyefunikwa uso anaweza kuwa yeyote. Akiuawa mlangoni, anaweza kubadilishwa nguo akafa tena juu ya ukuta. Katika kambi ya mazoezi ya maninja wamevaa rangi tofauti, wekundu, wa njano, wa bluu, jicho linahesabu jeshi kubwa kuliko watu waliokuwapo. Ni akili ya mtu asiye na fedha, na ninaiheshimu.

Kwa kipimo changu cha mwili, basi, steringi huyu anapungua. Kinachoiokoa picha ni mtu aliye pembeni yake.

Steve James anaigiza Curtis Jackson, askari mweusi anayeanza kwa kumchokoza Joe mbele ya kambi nzima. Wanapigana, Joe anamshinda hata akiwa amejifunika ndoo kichwani, na Jackson, badala ya kuweka kinyongo, anakuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. James aliingia kwenye filamu kwa mlango wa nyuma, akifanya kazi ya kuanguka na kupigwa katika picha za wengine. Anajua mwili unavyoingia kwenye pambano na unavyotoka. Akirusha ngumi, bega linatangulia, kiuno kinafuata, na mguu wa nyuma unasukuma. Dudikoff anarusha mkono tu. James akicheka, tukio lote linachangamka. Mwishoni anapotokea na bunduki juu ya gari la jeshi kuja kumwokoa mwenzake, mtazamaji hajali tena nani jina lake limeandikwa kwanza kwenye bango. Alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 41, na Cannon haikuwahi kumpa picha yake mwenyewe kama steringi katika mfululizo huu. Jambo hilo linaniuma kila ninapoirudia.

Kuhusu mfululizo wenyewe: ya pili, ya 1987, hadithi yake imewekwa kwenye kisiwa cha Karibi lakini ilipigwa Afrika Kusini, wakati wa utawala wa makaburu, Mandela akiwa bado gerezani na Umoja wa Mataifa ukihimiza nchi na wasanii kuisusia serikali ile. Ya tatu nayo ilipigwa hukohuko. Sisi tuliokulia katika nchi zilizobeba mzigo wa ukombozi hatuwezi kulichukulia hilo kama jambo dogo. Wapo wanaosema ya pili ina kasi kuliko ya kwanza, na kwa mapigano pekee wana hoja. Mimi ninakushauri uitazame ukijua ilipigwa wapi, au uiache.

Bloodsport: hakuna pa kujificha

Hadithi yake unaweza kumweleza mtu ukiwa kwenye daladala kabla hamjafika kituo kinachofuata. Frank Dux, anayeigizwa na Jean-Claude Van Damme, anatoroka jeshini kwenda Hong Kong kushiriki mashindano ya siri ya mapigano yanayoitwa Kumite. Bingwa wa huko ni Chong Li, anayeua watu ulingoni. Maofisa wawili wanamfuata Dux kumrudisha. Mmoja wao ni Forest Whitaker kijana, huyuhuyu aliyekuja kushinda Oscar kwa kumwigiza Idi Amin, kazi ambayo alijifunza Kiswahili kwa ajili yake. Hapa hana kazi kubwa zaidi ya kukimbizana na Van Damme mitaani, lakini inapendeza kumwona.

Bajeti inayotajwa ni kama dola milioni 2, na sehemu ya fedha hiyo ilikwenda mahali pazuri: kwa watu wanaojua kupigana na kwa mahali halisi. Baadhi ya matukio yalipigwa Kowloon Walled City, mtaa ule wa maghorofa yaliyobanana ambao baadaye ulibomolewa wote. Vichochoro vile, nyaya zile zinazoning'inia, maji yanayodondoka kutoka juu, hakuna mjenzi wa seti ambaye angevitengeneza kwa bei hiyo.

Kisha ulingo wenyewe. Mpiganaji wa Kithai ana magoti na viwiko, jitu la sumo linasukuma kwa kifua, mwingine anacheza chini kama mnyama anayewinda. Wengine wanaonekana dakika moja tu, lakini kila mmoja ana namna yake ya kusimama, kwa hiyo kabla ngumi ya kwanza haijarushwa umeshajua unaangalia nini. Hakuna kinyago. Nyuso ziko wazi, vifua viko wazi. Van Damme, Mbelgiji ambaye wakati huo karibu hakuna aliyemjua, anapiga msamba na kumpiga yule mtu wa sumo kutoka chini. Kamera haikatwi kwa sababu hakuna cha kusitiri.

Adui ndiye aliyeifanya picha hii iishi. Bolo Yeung, anayemwigiza Chong Li, alikuwa anakaribia au ametimiza miaka arobaini, mjenga mwili wa siku nyingi, na hana hata sentensi kumi. Anachezesha misuli ya kifua, anatazama, anatabasamu kidogo, basi. Anapomvunja mguu mmoja wa wapiganaji mfupa unatokeza (watoto wadogo wasiione sehemu hiyo), kisha anaugeukia umati kama anayedai salamu yake. Adui wa American Ninja ana leza mkononi na miali ya moto. Huyu wa Bloodsport ana mwili tu, na anatisha mara tatu zaidi.

Pambano la mwisho litazame polepole. Chong Li anaona anaelemewa. Anatoa kidonge alichoficha kiunoni, anakiponda na kumrushia Dux unga machoni. Dux hawezi kuona. Uso wa Van Damme unajaa skrini, macho yamefumba, mdomo wazi, anapiga kelele ya mtu aliyepofushwa. Hapo picha inakurudisha kwenye mazoezi yake, alipofungwa kitambaa usoni na kufundishwa kusikia mkono unaokuja na kuandaa chai bila kuona. Mazoezi yale yalipoonyeshwa mwanzoni yalionekana ni mapambo. Sasa unaelewa ni ya kazi gani. Anatulia, anasikiliza, kisha anazunguka na mguu unatua mahali pake. Waandishi wenye bajeti mara ishirini ya hii wameshindwa kufunga hadithi kwa usafi namna hiyo.

Jambo moja ulijue kabla hujaanza kuisimulia kwa watu kama historia. Maandishi ya mwisho yanadai haya yote yalimtokea Frank Dux wa kweli, pamoja na rekodi zake za ushindi. Mwaka huohuo wa 1988 gazeti la Los Angeles Times lilichunguza madai yake na kukuta mengi hayana ushahidi, hata kombe lake likahusishwa na risiti ya duka la makombe la karibu na kwake. Picha haipungui utamu kwa hilo. Ila usibishane na mtu kijiweni ukisema Kumite ilikuwapo.

Na ya nne

Miami Connection ilitoka mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini, kazi ya Y.K. Kim, mwalimu wa taekwondo mzaliwa wa Korea aliyeishi Orlando, Florida. Hakuwa mwigizaji. Alitumia fedha zake, wanafunzi wake na marafiki zake. Hadithi inahusu vijana yatima wa bendi moja wanaoishi nyumba moja na kupambana na maninja wauza dawa za kulevya. Ilianguka vibaya, ikasahaulika, hadi mtu wa jumba moja la sinema la Texas aliponunua nakala yake mtandaoni kwa dola 50, na mwaka 2012 ikarudishwa kwenye majumba ya sinema.

Uigizaji wake ni dhaifu, hilo halifichiki. Lakini kuna tukio la kijana mmoja, Jim, anayewaeleza wenzake kuhusu baba yake asiyemjua na barua alizoandika kumtafuta, akalia kilio ambacho hakikupangwa vizuri wala kupimwa, na wenzake wakamzunguka. Nimeona picha za mamilioni zisizo na dakika moja ya moyo kama ule. Kwa mtu anayetaka kujua kwa nini watu wa Wakaliga, Kampala, walianza kutengeneza picha za mapigano kwa kamera moja na silaha za kuchonga, akina Isaac Nabwana na Who Killed Captain Alex? yao ya 2010, jibu liko karibu zaidi na Miami Connection kuliko na Chuck Norris.

Basi uchague ipi?

Ukitazama peke yako, na unataka mapigano hasa, chukua Bloodsport, bila kufikiria mara mbili. Ndiyo bora kati ya zote nne na pengo lake na zinazofuata si dogo.

Mkiwa wengi sebuleni, wenye umri tofauti, chukueni American Ninja. Damu ni kidogo, urafiki ni mwingi, na mtu akienda jikoni akirudi hajapotea. Hii ndiyo pia inayovumilia msimuliaji kuliko zote. Ukipata nakala iliyotiwa maneno ya Kiswahili, anza na hiyo. Bloodsport, kinyume chake, itazame na sauti yake ya asili, usikie ulingo.

Missing in Action iwe ya mwisho, na iwe ya 1984 peke yake, kwa mtu anayetaka kuelewa Marekani ya wakati ule ilikuwa inajifariji na nini. Kwa starehe tupu ningeiruka. Miami Connection isiwe ya kwanza kamwe. Tazama mbili kati ya hizi kwanza, uzoee mwendo wake, ndipo uifikie. Ukianza nayo utaicheka tu na kuikosa.

Na kama Steve James amekugusa kama alivyonigusa mimi, zipo mbili za kuendelea nazo. Avenging Force ya 1986 ni ya Firstenberg na Dudikoff walewale, na James anaigiza mwanasiasa mweusi wa New Orleans anayewindwa na matajiri wabaguzi. Ni kali kuliko American Ninja, ingawa hawamwachi afike mwisho. Nyingine ni Riverbend ya 1989, isiyo ya Cannon, ambayo wachache wameiona. Humo yeye ni meja katika jeshi la Marekani mwaka 1966, anawaongoza wenzake kuuteka mji mdogo wa kusini unaotawaliwa na polisi mbaguzi. Kwenye hiyo steringi ni yeye.